Nilivyochagua lenzi ya kumpiga picha bibi harusi asiyetakiwa kumulikwa flash, Mikindani

Wakuu, salaam kutoka huku kusini.

Mimi ni msomaji wa jukwaa hili kwa miaka. Mchango wangu mkubwa umekuwa kubonyeza like na kusepa. Leo nimeona nifungue uzi wangu wa kwanza.

Haya yamenitokea mwenyewe, siyo chai. Na dada ninayemsimulia hapa amesoma kila mstari kabla sijaupandisha, akacheka, akasema weka. Nilichobadilisha ni majina tu.

Kwa wasionijua: ni mwanamke, mama wa watoto wawili, kwetu Njombe. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, alipangiwa Mtwara nikamfuata, huu ni mwaka wa saba. Nina studio ndogo mjini. Passport, kulaminisha vyeti, kipaimara, na harusi pale mafundi wakubwa wanapokuwa wamejaa.

Kamera yangu ni mirrorless yenye sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), hii wanayoita crop. Lenzi ilikuwa ile iliyokuja nayo kwenye boksi, zoom ya 16-50. Basi. Hapo ndipo nilipokuwa.

Twende.

Asubuhi moja aliingia studio mama wa Mikindani, nimwite Bi Zuhura. Anauza samaki wakavu, anaheshimika sana mtaani kwao. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Hakutoa cheti wala picha. Alinitazama kwanza.

"Nimeambiwa wewe ndiye mwanamke unayepiga picha."

"Ndiyo mama."

"Nnaoza mtoto. Siku ya kumpamba wanaingia wanawake watupu, kwa hiyo mpiga picha mwanamume hapana. Na jambo la pili mwanangu, usimulike. Hata mara moja."

Nikadhani ni mambo ya sitara. Nikamwambia sawa mama, nitamulika kidogo tu, kwa mbali. Akatikisa kichwa.

Ndipo akanieleza.

Binti yake, Saumu, ana kifafa. Kilianza akiwa darasa la sita. Kwa miaka watu walisema ni mashetani, akazungushwa huku na kule, hadi siku walipofika kliniki wakapewa dawa na maelezo. Kwa Saumu, daktari alisema, taa za kumulika-mulika ni moja ya vitu vinavyomwamshia ugonjwa. Anakunywa dawa kila siku, na alikuwa ana zaidi ya mwaka hajaanguka.

Ila kulikuwa na kidonda. Harusi ya dada yake mkubwa, flash zinapigwa mfululizo, Saumu alianguka katikati ya wageni. Wengine walikimbia. Tangu siku hiyo kila kwenye shughuli anawekwa jikoni, mlango unarudishwa. Baadaye nilionyeshwa albamu ya harusi ile. Ukoo mzima umo, hata majirani wamo. Saumu hayumo.

"Sasa hii ni harusi yake," Bi Zuhura akasema. "Hapa hawezi kukaa jikoni."

Wakuu, nilisema ndiyo kabla hata sijauliza nyumba ina mwanga gani.

Kosa.

Wiki ile ile nikachukua bajaji hadi Mikindani kuiona nyumba. Ni nyumba ya mawe ya zamani, kuta nene kama urefu wa mkono wangu. Chumba cha kupambia kina dirisha moja lenye fito za mbao linalotazama kichochoro, na mlango wa kwenda uani. Nje jua la Mtwara linakuchoma utosi, ndani unapapasa swichi. Ukiwasha, ni balbu moja ya njano.

Nikamwomba Saumu akae kitandani nijaribu. Binti mrefu, mcheshi, maneno hayamwishi. Nikapiga kama ishirini.

Kwa wasio wa fani: lenzi ina tundu la kupitishia mwanga. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi yangu, nilipoivuta kumsogeza Saumu, mwisho wake ilikuwa f/5. Yaani tundu dogo kwenye chumba chenye giza. Nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi kamera ikaanza kutoa chengachenga, na bado shutter ilikuwa taratibu. Akicheka tu, uso unapotea.

Saumu akachungulia kioo cha nyuma. "Dada, nimekuwa moshi," akasema, akaangua kicheko.

Mama yake hakucheka. Alinisindikiza mlangoni akaniambia polepole, "Kama haiwezekani niambie mapema. Sitakulaumu."

Ile "sitakulaumu" iliniuma kuliko lawama. Nilirudi mjini nikihesabu siku. Zilikuwa zimebaki wiki sita.

Sasa ndipo safari ya lenzi inapoanza.

Nilijua ninahitaji prime, yaani lenzi isiyovuta wala kurudisha, yenye tundu kubwa. Swali ni ipi. Nikauliza kwenye magroup, nikauliza mafundi wa mjini. Jibu likawa moja kama wimbo wa taifa: chukua 50mm f/1.8, kila mtu anayo, ndiyo lenzi ya kawaida, huwezi kukosea.

Mkubwa wa mafundi hapa, nimwite kaka Deo, akasema anayo ya kuniuzia kabisa.

"Mama Tumaini, usijitese. Fifty ndiyo kila kitu. Na ukiona giza, weka taa ya LED, mchezo umeisha."

Nilimshukuru. Ila kuna kitu kikagoma moyoni.

Kwanza ile taa. Alinionyesha taa yake ya LED, ya bei rahisi. Nikaitazama kupitia simu, kwenye kioo mistari inapita, inatembea. Maana yake inawaka na kuzima haraka ambayo jicho halioni. Sasa mimi siyo daktari. Labda isingemdhuru kabisa. Lakini nimeambiwa usimulike, halafu niende na taa inayochezacheza kumjaribia mtoto wa watu siku ya harusi yake? Nikasema hapana.

Pili, ile 50 yenyewe. Nikaiomba niitazame. Nikafungua tundu lote, nikamulika tochi ya simu upande mmoja nikachungulia mwingine. Ndani kuna nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Ukungu. Wakuu wa pwani mnanielewa, hewa yetu hii inakula lenzi kimya kimya ukiisahau kwenye begi. Nikamrudishia kwa heshima. Kaka Deo akasema hauonekani kwenye picha. Inawezekana. Ila mimi nilishauona.

Tatu, na hapa ndipo ninapojivunia, nisamehewe: nilikataa kununua namba kabla ya kuijaribu chumbani.

Namba ya mm ndiyo inayoonyesha lenzi inavuta kiasi gani, na zoom yangu ilikuwa inafika 50. Kwa hiyo nikachukua masking tape, nikaifunga kwenye 50 isizunguke, nikarudi Mikindani mchana. Mgongo ukutani, Saumu kitandani. Ninachokipata ni uso na kifua tu. Atakayempaka hina mikononi hatakuwemo. Mama yake aliyekaa pembeni amekatwa katikati. Nirudi nyuma wapi? Nyuma yangu kuna jiwe!

Nikabandua tape nikaifunga kwenye 35. Nikarudi pale pale ukutani. Saumu yumo, mikono yake imo, mama yake yumo kushoto, na pembe ya dirisha inaonekana. Nikajaribu na 23. Chumba kizima kinaingia, lakini aliyekaa pembeni uso unavutika kama amebonyezwa, na nikitaka uso wa Saumu peke yake lazima nimsogelee hadi nimzibe pumzi.

Nikapata jibu. Kwenye sensa yangu ndogo, 35 ndiyo inayofanya kazi ya ile "fifty" wanayoisifia watu wa full frame, kamera za sensa kubwa. Wote waliokuwa wananishauri walikuwa wanarudia namba ya kamera za watu wengine, kwenye kumbi za watu wengine.

Saumu alikuwa ananiangalia nabandika na kubandua tape.

"Dada, unapima shela au unapima chumba?"

"Napima chumba. Wewe nimeshakupima."

Basi bado kulikuwa na uamuzi wa mwisho. Rafiki yangu mmoja alikuwa na 35 ya kichina, f/1.2, tundu kubwa kweli kweli, lakini ya kuzungusha focus kwa mkono. Akaniazima. Nikafanya mazoezi nyumbani. Nikamkalisha mwalimu wangu jikoni saa saba mchana, mapazia yote yamefungwa, anamenya mihogo, nikapiga.

Mwanga, safi. Ila kwa tundu lile sehemu inayokuwa kali ni nyembamba mno. Ncha ya pua kali, macho ukungu. Mume wangu akiinamia sufuria tu, nimempoteza. Katika picha kumi, zilizofaa hazikufika nne. Na huyo ni mtu mmoja anayemenya mihogo, siyo kina mama wa Mikindani wakishapandwa na vigelegele.

Kwa hiyo f/1.2 nikaiacha, pamoja na uzuri wake wote. Nikataka autofocus inayokamata jicho. Nikapata 35mm f/1.4 ya autofocus, used, kwa jamaa wa Dar aliyekuwa anahamia kwenye video. Nikamwomba anipigie video call, afungue tundu, amulike tochi huku nikiangalia. Alilalamika kwamba nina maswali kama polisi. Lakini alifanya. Ilikuwa safi kama maji ya mtungi.

Ilikuja kwa basi. Nilipoifunga kwenye kamera na kumlenga mwanangu sebuleni jioni ile, taa haijawashwa, nikaona nyusi moja moja. Nilikaa chini, wakuu. Sitanii. Ukilinganisha na lenzi yangu ya zamani, mwanga ulioingia ulikuwa zaidi ya mara kumi.

Nikabakisha wiki tatu za mazoezi. Nikajifunza kwamba kwa mtu mmoja f/1.4 inatosha, kwa wawili wasiolingana nafuata f/2, na kwamba uso ugeukie dirisha, mimi nikae kati ya dirisha na ukuta. Nikazima pia ile taa ndogo nyekundu ya mbele ya kamera inayosaidia focus. Watu wengi huisahau.

Siku ikafika. Na mvua nayo ikafika.

Wingu limekaa juu ya Mikindani kama blanketi. Kile kimwanga cha dirishani nilichokihesabia kikapungua nusu. Bi Zuhura alilitazama wingu, halafu akanitazama mimi. Nikafungua mlango wa uani wote, nikaomba kitanda kisogezwe hatua moja kuelekea dirishani. Kina mama wanne wakakibeba na Saumu akiwa juu yake, wanaimba!

Bi Zuhura alikuwa ameshatangaza simu zote ziwekwe kwenye kapu, na watu walitii. Nikapiga hina. Nikapiga asumini zikifungwa kwenye nywele. Nikapiga somo yake, yule mama anayemfunda, akimnong'oneza sikioni, na Saumu akiziba mdomo kwa aibu. Kamera inakamata jicho, inakamata jicho. Nilianza kusahau kwamba nina hofu.

Halafu akaingia shangazi mmoja kutoka Dar, gari lilichelewa. Hajasikia tangazo. Kwa furaha yake yote akainua simu.

Flash. Halafu tena, flash.

Nyimbo zikakatika. Nilisikia mvua juu ya bati la uani.

Saumu alikuwa ameinamisha uso, viganja viko machoni, hina mbichi inamchafua mashavu. Mama yake alimfunika na kanga, akamkumbatia. Mwanamke mmoja akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, na mimi niliona kabisa kwamba Saumu amezisikia zile nyayo.

Nilishusha kamera. Kitu pekee nilichoweza ni kupiga magoti pale pale mbele ya kitanda na kukaa. Shangazi wa watu analia, simu imeanguka chini.

Tukasubiri. Sijui ni dakika ngapi.

Sauti ikatoka chini ya kanga. "Mama, nipo. Siendi kokote."

"Una hakika?"

"Nipo. Ila hina imeingia mdomoni, chungu kama nini."

Wakuu, kile kicheko! Nyumba nzima. Bi Zuhura akaivuta kanga, na Saumu akatokeza, mashavu yana alama za vidole vyake mwenyewe za rangi ya hina, anacheka huku anatema mate, mama yake anacheka huku machozi yanamtiririka, na shangazi amepiga magoti amemshika miguu.

Nilikuwa tayari pale chini, hatua mbili kutoka kwao. Kama ningekuwa na 50 ningepata pua. Nilipiga tatu. Ya pili ndiyo yenyewe.

Saumu akanigeukia. "Dada, endelea. Leo sikai jikoni."

Tukaendelea hadi alasiri. Hakuanguka. Yule mwanamke aliyerudi nyuma nilimwona baadaye amekaa kitandani karibu na Saumu, anamfuta mashavu kwa kitambaa chenye mafuta.

Nilipopeleka albamu, Bi Zuhura aliifungua mbele ya majirani, akaanza kuwaonyesha ukurasa kwa ukurasa kama mwalimu. Saumu alikuwa amekuja na mumewe Hamisi, kijana wa Msimbati, ambaye aliposa akijua kila kitu na hakuwahi kuyumba. Hamisi alifika kwenye ile picha ya hina mashavuni akaacha kufunua.

"Hii ndiyo naitaka ukutani," akasema.

Bi Zuhura akasema lakini hapo amechafuka, zipo nyingine amependeza. Hamisi akajibu, "Hapana mama. Huyo hapo ndiye yeye."

Nilirudi mjini kwenye bajaji nikiimba. Dereva akaniuliza kama nimetoka shughulini. Nikamwambia ndiyo, ya kwangu.

Na siyo kwamba ninajisifu bure. Ninajisifu kwa sababu. Kaka Deo mwenyewe alifika studio, akaangalia zile picha, akaniuliza, "Hapa uliweka taa wapi?" Nikamwambia sikuweka. Akaangalia tena. Akaomba ile masking tape niliyotumia akajaribu kwenye lenzi yake. Ni muungwana, nampa heshima yake.

Mwezi uliofuata Saumu alikuja mwenyewe, safari hii na mama mmoja na binti wa miaka saba. Wamefahamiana kliniki, siku za kuchukua dawa. Yule binti hakuwa na hata picha moja ya sikukuu, kwa hofu ile ile. Tukamkalisha mlangoni pa studio, kivulini, ana gauni la njano. Alipojiona kwenye kioo cha kamera akaniuliza kama anaweza kupigwa nyingine akiwa amekunja mikono kama bosi. Nikampiga kumi na moja.

Tangu hapo wamekuja wengine wanne. Nimeweka karatasi mlangoni: HAPA TUNAPIGA BILA FLASH, ULIZA TU.

Nilichojifunza, nikiseme kwa Kiswahili chepesi: usinunue lenzi ya watu. Nenda kwenye chumba utakachofanyia kazi, funga zoom yako kwa tape kwenye namba unayoifikiria, simama ukutani, uone nani anabaki nje ya picha. Ukishajua hupendi nani abaki nje, lenzi yako umeshaipata. Tundu kubwa ni zuri, lakini kubwa usiloweza kulifocus ni mapambo. Na kama wewe ni wa pwani, lenzi ilale kwenye kopo linalofunga vizuri na vile vifuko vya kunyonya unyevu, siyo kwenye begi.

La mwisho siyo la kamera. Mkiwa na ndugu mwenye hali kama ya Saumu, muulizeni yeye na daktari wake ni nini hasa kinachomdhuru, halafu mkiondoe hicho. Msimwondoe yeye.

Ni hayo wakuu. Najua wataalamu wa full frame mko njiani, karibuni, maji ya kunywa yapo. Na wenye kupiga ndani ya makanisa na misikiti bila flash, nawasubiri hasa nyinyi, nijue mnatumia namba gani. Anayebisha nampokea pia, ila aje na picha.